Bima ya ajali kwa watu wa farasi: linganisha kwa jeraha, si kwa jina

Kamba ilikuwa imezunguka kiganja changu mara moja tu. Nilikuwa namtoa farasi jike bandani asubuhi, upepo ukaubamiza mlango wa banda la jirani, na kabla sijatamka neno alikuwa ameshageuka. Kamba ikakaza, ikanivuta hatua mbili tatu, kisha ikaachia. Nilipovua glavu ya mkono wa kushoto, kidole cha pete kilikuwa pale pale, ila ngozi yake ilibaki ndani ya glavu.

Madaktari walikiokoa. Kipo hadi leo, lakini hakikunji. Mkataba wangu wa bima ulisema unalipa kidole "kilichokatika", na changu hakikukatika. Nilijaza fomu, nikaambatisha picha za eksirei, nikangoja, na jibu likaja la mistari minne: pole, dai lako halimo kwenye jedwali. Mikataba mingine, kwa ada isiyotofautiana sana, huandika "kukatika au kupoteza kabisa matumizi". Ni maneno manne tu ya ziada.

Tangu hapo nimekuwa msomaji wa mikataba hii, yangu na ya wenzangu. Wanaoniletea ni watunza farasi, wahunzi wanaopiga viatu vya kwato, wakufunzi wa kupanda, na joki mmoja mstaafu ambaye alisaini kila alichowekewa mezani kwa miaka kumi na tano. Nilichoona ni kwamba tunalinganisha vibaya. Tunalinganisha majina ya bima na ukubwa wa tarakimu, wakati kinachotakiwa ni kulichukua jeraha lenyewe, kulipitisha kwenye kila mkataba, na kuona linatoka na nini upande wa pili.

Tarakimu kubwa ya ukurasa wa kwanza

Ukiletewa karatasi za bima, macho hukimbilia kiasi kinacholipwa mtu akifa. Kina maana kwa mwenye watoto au mkopo, sikatai. Lakini hicho ndicho kipengele rahisi kuliko vyote kwa kampuni.

Mwaka 1898 mtakwimu Ladislaus von Bortkiewicz alichapisha hesabu ya askari wa jeshi la Prussia waliouawa kwa mateke ya farasi. Ukichukua vikosi vikubwa 10 kwa miaka 20, unapata rekodi 200, kila moja ya kikosi kimoja kwa mwaka mmoja. Katika rekodi 109 hakufa mtu. Katika 65 alikufa mmoja, katika 22 wawili, katika 3 watatu, na katika 1 wanne. Jumla watu 122. Huwezi kujua teke litampata nani wala siku gani, lakini ukikusanya watu wa kutosha, mateke yanafuata mpangilio unaoandikika kwa fomula. Mpaka leo hesabu hiyo hutumika madarasani kufundishia matukio adimu.

Kampuni ya bima inaishi kwa hesabu za namna hiyo. Kifo ni adimu na kinakadirika, kwa hiyo wanaweza kukiandikia tarakimu nene bila kutetereka. Kinachowagharimu ni wiki nane za mtu aliyevunjika mkono, kisha wiki kumi na mbili za mwingine, kisha mgongo usiopona. Huko ndiko herufi zinakopungua ukubwa, na huko ndiko nakushauri uanzie kusoma. Mimi siku hizi ukurasa wa kwanza nauruka.

Aina nne, na mbili zinazochanganywa nazo

Ya kwanza ni fidia kwa wafanyakazi, ile anayoilipia mwajiri. Ujerumani iliiwekea sheria mwaka 1884, Uingereza mwaka 1897, na wazo lake limebaki lilelile: umeumia kazini, unalipwa bila kulazimika kuthibitisha kwamba bosi alikosea. Hugharimia matibabu na sehemu ya mshahara, na mara nyingi inagusa hata magonjwa yanayotokana na kazi, jambo ambalo bima ya ajali hailifanyi. Tatizo ni neno "mfanyakazi". Kazi ya farasi imejaa watu wasio wafanyakazi wa yeyote: anayelipwa kwa siku, anayefanya usafi wa mabanda ili apewe nafasi ya kupanda, mhunzi anayezunguka na gari lake kwa wateja ishirini, binti wa jirani anayekuja kusaidia Jumamosi. Usidhani umo. Uliza, upewe jibu la maandishi.

Ya pili ni bima ya ajali binafsi, unayoikata mwenyewe. Ilishika mizizi Uingereza mnamo 1849, ikiuzwa kwa abiria wa treni pamoja na tiketi, na hadi leo inabeba tabia ya asili yake: tukio moja, la ghafla, la kutoka nje ya mwili, na malipo yaliyopangwa kabla. Inalipa mkupuo, yaani fedha zote kwa mara moja, kwa kifo na kwa ulemavu wa kudumu, kwa kufuata jedwali la asilimia. Malipo ya kila wiki wakati huwezi kufanya kazi ni kipengele unachokiongeza kwa ada zaidi, na wengi wanakiacha ili ada ipungue. Hilo kwa mtu wa farasi ni kosa, nitaeleza kwa nini. Uzuri wake ni kwamba mkupuo kwa kawaida haujali kama umelipwa kwingine. Ukiwa na mikataba miwili, yote miwili hulipa.

Ya tatu ni kinga ya kipato. Hii haiulizi sana umeumiaje, inauliza kama unaweza kufanya kazi. Ugonjwa umo, ajali imo. Inalipa sehemu ya kipato chako kila mwezi, na ikiwa umenunua ile ndefu, inaweza kuendelea mpaka umri wa kustaafu. Ila ni ngumu kuipata: wanachunguza afya yako, wanataka ushahidi wa kipato, na kazi za farasi wanaziogopa. Wapo wanaokataa joki moja kwa moja. Anayelipwa fedha taslimu bila risiti ataipata kwa shida, na hata akiipata, siku ya dai ataambiwa kipato chake ni kile kilichoandikwa kwenye hesabu za kodi.

Ya nne ni ile inayokuja na kadi ya uanachama wa chama cha wapanda farasi. Ni nafuu mno, karibu ya bure, na watu huidharau au huiamini kupita kiasi. Kiasi chake ni kidogo, hulipa vifo na ulemavu mkubwa, na mara nyingi imeandikiwa mpanda farasi wa kujifurahisha. Ukiwa unalipwa wakati unaumia, kuna uwezekano mkubwa kwamba hauko ndani.

Mbili zinazochanganywa nazo ni bima ya dhima na bima ya afya. Dhima humlipa mtu mwingine aliyeumizwa na farasi wako au uzembe wako. Wewe uliyelala hospitalini haikupi hata senti. Bima ya afya humlipa daktari, lakini kodi ya nyumba haiijui. Tena mara nyingi ina dari. Christopher Reeve, mwigizaji wa Marekani, alipoanguka kwenye mashindano ya farasi Mei 1995 na kuvunjika pingili mbili za juu za shingo, sehemu ya uanaharakati wake baadaye ilikuwa kudai kipandishwe kikomo cha maisha, yaani jumla ya juu ambayo bima za afya za huko zilimlipia mtu maisha yake yote, kwa sababu jeraha la uti wa mgongo lilikila kikomo hicho huku mgonjwa bado yu hai.

| Swali | Fidia ya mwajiri | Ajali binafsi | Kinga ya kipato | Ya uanachama |
|---|---|---|---|---|
| Analipa ada nani | Mwajiri | Wewe | Wewe | Imo kwenye ada ya chama |
| Inalinda wakati gani | Kazini | Saa 24 au kazini tu, angalia mkataba | Saa 24 | Ukiwa na farasi, mara nyingi ukiwa hulipwi |
| Ugonjwa umo? | Uliotokana na kazi | Hapana | Ndiyo | Hapana |
| Unalipwaje | Matibabu na sehemu ya mshahara | Mkupuo. Malipo ya wiki ukiyanunua | Sehemu ya kipato kila mwezi | Mkupuo mdogo |
| Kungoja kabla ya kulipwa | Siku chache | Wiki 1 hadi 4 kwa malipo ya wiki | Wiki 4 hadi 26 | Hadi ulemavu uthibitishwe |

Jedwali hili ni la kukupa picha tu, maana kila kampuni ina maandishi yake. Sasa tuyapitishe majeraha.

Mtulinga

Mtu akirushwa na farasi huanguka kwa bega au kwa mkono alionyoosha. Kinachovunjika ni mtulinga, ule mfupa wa mbele unaounganisha bega na kifua, au kifundo cha mkono, au kile kimfupa kidogo cha kiganjani chini ya dole gumba ambacho hupona kwa kudengua. Mtulinga wa mtu mzima huchukua wiki 6 hadi 12 hivi. Hutakuwa mlemavu wala hutakufa. Utakuwa tu mtu asiyeweza kuinua tandiko, kusukuma toroli la samadi au kumshika farasi anayegoma.

Tuseme umekaa nje wiki 10. Bima ya ajali binafsi isiyo na malipo ya wiki inakulipa sifuri, kwa sababu mfupa umepona na jedwali halina safu ya mifupa iliyopona. Yenye malipo ya wiki na wiki 2 za kungoja inakupa wiki 8. Yenye wiki 4 za kungoja inakupa 6. Kinga ya kipato yenye kungoja wiki 13 inakulipa sifuri, japokuwa ndiyo ghali kuliko zote. Ya uanachama, sifuri. Fidia ya mwajiri, kama wewe ni mfanyakazi kweli, inaanza baada ya siku chache.

Yaani jeraha la kawaida kabisa la kazi hii linapita katikati ya bima tatu kati ya nne kama maji kwenye chujio, usipokuwa na kile kipengele ambacho wakala alikuambia unaweza kukiacha. Baadhi ya mikataba hutoa pia malipo ya mara moja kwa kila mfupa uliovunjika. Ni fedha ndogo lakini huja haraka, na ikiwa ada yake haiumi, chukua.

Kuna jambo jingine kwenye malipo ya wiki: yatadumu muda gani. Wiki 52 na wiki 104 ndivyo vipimo vinavyokutana nawe mara nyingi. Tofauti ya ada kati ya viwili hivyo huwa ndogo kuliko unavyodhani, kwa kuwa wachache hufika huko. Wanaofika ndio wanaoihitaji.

Kidole

Hapa bima ya ajali binafsi ndipo nyumbani kwake, na hapa ndipo ilipo tofauti kubwa zaidi kati ya mkataba na mkataba. Jedwali la asilimia huanza na 100 kwa macho yote mawili au mikono yote miwili, hushuka hadi 50 kwa jicho moja kwenye mikataba mingi, na kuendelea kushuka hadi vidole. Dole gumba huwa kwenye makumi ya asilimia, kidole cha shahada chini yake, na vinavyobaki huambulia tarakimu moja. Vidole vya miguu hata sisemi, na ndivyo hasa farasi wa kilo 500 anavyopenda kuvikanyaga.

Jedwali la kawaida limeandikwa kana kwamba kila mtu anafanya kazi ya ofisini. Mhunzi anayeshika nyundo, au daktari wa mifugo anayeshona, akipoteza dole gumba la mkono wa kazi atapewa robo ya kiasi, pengine pungufu, wakati kazi yake yote imeisha. Kwa hiyo kuna mikataba yenye jedwali lililoongezwa, ambapo viungo fulani hupewa asilimia ya juu kwa fani fulani. Ukiwa mhunzi, hilo ndilo swali lako la kwanza kwa wakala, kabla hata ya ada.

Na yale maneno manne niliyoyasema mwanzoni. Farasi hakati kidole kwa unadhifu kama msumeno. Huvuta, huponda, huchubua. Matokeo yake ni kidole kilichopo kisichofanya kazi, kwa hiyo mkataba unaotaka kukatika ni mkataba ulioandikiwa kiwanda cha mbao.

Kichwa

Machi 2010 Courtney King-Dye, mpanda farasi wa Marekani aliyekuwa ameshiriki Olimpiki za 2008, alikuwa akimfanyisha mazoezi farasi ambaye alijikwaa, wakaanguka wote. Farasi hakuwa mkorofi wala hakukuwa na mashindano siku hiyo. Hakuwa amevaa kofia ngumu. Fuvu lilipasuka na alikaa katika hali ya kutojitambua kwa wiki kadhaa. Kisa hicho kilisukuma kampeni ya kofia ngumu kwenye mchezo ambao waliobobea walikuwa wakipanda na kofia za sherehe.

Kwa mwenye bima, kichwa kina masuala mawili. La kwanza ni kofia yenyewe. Mikataba mingi ya farasi inasema hailipi kama hukuvaa kofia inayokidhi kiwango kinachotambulika, mathalani ASTM F1163 au EN 1384. Soma inadai uvae lini. Ikiwa inasema "wakati wowote unapohudumia farasi", basi ukiwa umeinama unasafisha kwato bila kofia, hujalindwa, na mimi sijaona watunza farasi wengi wanaovaa kofia wakisafisha kwato. Heri mkataba unaosema "wakati wa kupanda", au ubadilishe mazoea yako.

La pili ni muda. Jeraha la ubongo halionyeshi sura yake upesi. Mtu anarudi kazini baada ya mwezi, miezi minane baadaye bado anasahau majina ya farasi anaowalisha kila siku na mwanga wa jua unamtia kichefuchefu. Mikataba mingine inataka ulemavu uwe umejitokeza ndani ya miezi 12 tangu ajali. Mingine inatoa miezi 24. Kwa kichwa, chukua 24. Na jihadhari na maandishi yanayotaka jeraha "linaloonekana". Mtikisiko wa ubongo hauonekani hata kwenye eksirei.

Kinga ya kipato hapa inaishinda bima ya ajali bila ubishi, maana haijali kama picha ya kichwa ni safi. Inajali kama unaweza kufanya kazi.

Mgongo wa mhunzi

Hakuna ajali hapa. Kuna miaka ishirini ya kuinama chini ya farasi na mguu wake katikati ya magoti yako, huku yeye akikuegemea kama ukuta. Siku moja huinuki. Ukijaza dai la ajali, utaulizwa: ilitokea saa ngapi? Huna saa ya kutaja. Bima ya ajali binafsi inalipa sifuri, na ugonjwa wa ngiri mara nyingi umetajwa kwa jina miongoni mwa yasiyofidiwa. Fidia ya mwajiri ingeweza kulipa kama ugonjwa wa kazi, lakini mhunzi hana mwajiri. Inabaki kinga ya kipato peke yake, na hiyo nayo ukiiomba baada ya kwenda kwa daktari kulalamikia kiuno, watakupa mkataba wenye mgongo umetolewa.

Kwa hiyo mhunzi kijana anayesoma hapa: kinga ya kipato ikatwe sasa, mgongo ukiwa haujaandikwa kwenye faili lolote. Huu ndio ushauri pekee ninaoutoa kwa sauti ya juu.

Kazi gani hasa?

Maneno "asiyeweza kufanya kazi" yana mikia miwili. Mkia mmoja unasema *kazi yako*, mwingine unasema *kazi yoyote*. Kwa wa kwanza, mkufunzi asiyeweza kupanda tena amelemaa. Kwa wa pili, mkufunzi huyo anaweza kupokea simu, basi hajalemaa, hadai. Kuna mikataba inayoanza na "kazi yako" kwa mwaka au miaka miwili kisha inageuka kimyakimya kuwa "kazi yoyote". Ukilinganisha ada mbili na moja ikawa nafuu kwa kiasi cha kushangaza, nenda moja kwa moja kwenye fasili hii. Mara nyingi nafuu imejificha hapo.

Pia andika kazi yako kama ilivyo. Nimeona fomu iliyojazwa "mkulima" na mtu ambaye kutwa nzima anafundisha farasi wachanga ambao hawajawahi kubeba tandiko. Wakala ndiye aliyemshauri hivyo, ada ishuke. Ada ilishuka kweli. Alipovunjika nyonga, kampuni ilikiita kitendo hicho kuficha ukweli, na walikuwa na haki. Taja farasi wachanga, taja madume ya kuzalishia, taja kuruka vizuizi, taja kama mara moja moja unapanda kwenye mbio hata kama ni kumsaidia rafiki. Bima za ajali za kawaida, zisizoandikwa kwa watu wa farasi, mara nyingi huondoa polo, mbio za vizuizi na uwindaji wa kupanda farasi kwenye ulinzi, na wengine huondoa mbio za aina yoyote.

Joki ana dunia yake. Nchi zenye mbio zilizopangwa huwa na skimu inayoendeshwa pamoja na mamlaka za mbio, na hiyo ndiyo msingi. Bima binafsi ni nyongeza tu kwa saa ambazo hayuko uwanjani, ikiwemo safari ndefu za barabarani. Uingereza kuna pia Injured Jockeys Fund, iliyoanzishwa mwaka 1964 baada ya majoki wawili kulemaa ndani ya miezi michache. Lakini ule ni mfuko wa hisani. Husaidia kwa kadiri ya hali yako, na huwezi kuupeleka mahakamani ukidai haki yako kwenye jedwali.

Mwajiriwa wa banda kubwa mwenye mkataba wa kazi, nadhani atosheke na fidia ya mwajiri pamoja na bima ndogo ya ajali ya saa 24, kwa sababu Jumapili naye anapanda farasi wa rafiki. Mkufunzi wa kujitegemea anahitaji malipo ya wiki kuliko chochote. Kijana wa kujitolea, angalia umri: chini ya miaka 16 au 18 kiasi cha kifo hupunguzwa sana na malipo ya wiki hayapo, kwa kuwa hana kipato. Mzee naye aulize mkataba unakoma lini; 65, 70 na 75 zote zipo sokoni.

Siku ya dai

Toa taarifa mapema, hata kama unadhani utapona. Muda wa siku 30 ni wa kawaida na unapita ukiwa bado na plasta. Andika siku ileile: saa, mahali, farasi yupi, ulikuwa unafanya nini, nani aliona. Mwombe daktari aandike "alipigwa teke na farasi kazini", asiandike "maumivu ya mguu". Kofia iliyogonga chini haifai kuvaliwa tena, hilo kila mtu analijua, ila watu huitupa siku hiyohiyo. Usiitupe. Ipige picha ndani na nje, pamoja na lebo ya kiwango, uiweke mpaka dai lifungwe. Ndiyo shahidi wako kwamba ulikuwa umeivaa.

Mimi mwenyewe nina mbili. Moja ni ya ajali binafsi, saa 24, malipo ya wiki kuanzia wiki ya tatu hadi wiki 104, fasili ya kazi yangu, na "kupoteza kabisa matumizi" imeandikwa kwa herufi zilezile kama "kukatika". Ya pili ni kinga ya kipato yenye kungoja wiki 13, ambayo ada yake inashuka kwa sababu ile ya kwanza inanibeba kufika huko. Kiasi cha kifo nimekipunguza hadi cha chini kabisa wanachokubali. Kampuni ya pili ilitaka kunipima mwili mzima, ikanipima, ikakubali, isipokuwa kidole cha pete cha mkono wa kushoto. Kimetajwa kwa jina ukurasa wa mwisho, kwenye orodha ya yasiyofidiwa, chini ya polo.